Kidole Tumbo Changu na cha Mama Koleta

Dada Asha mpenzi,

Nakuandikia nikiwa wodini hapa Morogoro, lakini usishtuke, nimepata nafuu! Kidole tumbo kilinishika nyumbani kwa shangazi, kule Bigwa. Nilimlilia daktari anipasue, kama alivyompasua Mama Koleta, mkulima wa karoti aliye kitanda cha jirani. Akakataa.

"Chake kilipasuka, usaha ukasambaa tumboni. Bila kisu angekufa. Chako kimezungukwa na uvimbe, nikikata sasa naweza kuujeruhi utumbo. Tujaribu dawa kwanza. Homa isiposhuka, nitakupasua."

Niliogopa mno! Na hospitalini dawa zilikuwa zimeisha. Bahati nzuri siku hizi kuna maduka ya dawa ya watu binafsi, shangazi akapata sindano zote mjini.

Leo homa imekwisha, uvimbe umenywea. Mawingu yameachia Uluguru, milima yote kijani, tukanywa uji barazani na Mama Koleta. Nikamtania kwamba tumbo langu sasa ni zuri kuliko lake.

"Nyamaza we mtoto," akasema, kashika mshono, "ukinichekesha nitafumuka!"

Tulicheka mpaka nesi akaturudisha vitandani.

Wabusu watoto. Mama mwambie binti yake anarudi mzima, hana hata alama ya kisu.

Mdogo wako,
Zuhura