Kidole Chako Juu ya Karatasi Tupu

Mjomba,

Usianze kucheka. Najua unacheka, kwa sababu barua zako zote niliandika mimi, na leo nakuandikia wewe ambaye hukujua kusoma hata jina lako. Kama huko kuna mtu wa kukusomea, mwambie aende polepole. Mwandiko wangu ni mzuri ila una haraka. Niliishia kidato cha pili, ndiyo, lakini niliishia vizuri.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike. Yule mbuzi mweupe wa pembe moja amezaa mapacha. Mvua ilinyesha Kulamawe ikaturuka. Anti Nakiru bado anaweka kiti chako karibu na mlango, na mtu akikikalia anamwangalia tu mpaka mtu anainuka mwenyewe. Mimi nilikikalia mara moja.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za kiti. Nimekasirika, Mjomba, na mtu wa kukasirikia ni wewe.

Unakumbuka fomu ya chuo cha biashara cha Nairobi. Utaisahau aje, na nilikuimbia habari zake kila tukitoka sokoni? Chuo kinachukua watu wachache kuliko mbuzi wa mjane. Hawataki kidato cha nne tu, hata sisi wa kidato cha pili wanatuchukua, bora mwajiri wako aandike barua kwamba umenunua na kuuza mwenyewe, bila mtu kukusimamia. Fomu ifike kabla Agosti haijaisha. Na ukiomba ukakataliwa, basi, jina lako halipokelewi tena maisha yako yote.

Mwajiri wangu alikuwa wewe. Nilichohitaji ni kidole chako gumba tu. Agosti ya mwaka juzi nilikuletea wino na karatasi, ukasema bado. Agosti ya mwaka jana, bado. Nikakuuliza bado nini, na hesabu zangu hakuna anayeziweza kutoka hapa mjini mpaka Leparua. Ukaniambia, "Mkono wako unajua kazi. Lakini mdomo unafika sokoni kabla ya mkono." Halafu ukaniita Redio mbele ya madalali wote wa mbuzi, ukasema redio hii ilitoka dukani bila mahali pa kuzimia. Walicheka wiki nzima. Mpaka leo kuna watu hawajui naitwa Ewoi.

Basi sikia sasa kitu ulichonifanyia.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Anti alishusha ule mkebe wa majani chai ulio juu ya kabati, akatoa fulskepu moja iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua. Tupu. Hakuna neno hata moja. Juu kabisa, katikati, kidole chako gumba kwa wino wa bluu. Mjomba, watu wote duniani wanaweka kidole chini, barua ikiwa imeshaandikwa. Wewe uliweka juu, kabla ya barua, kama chifu anayetangulia msafara wake. Nilicheka. Halafu sikuweza kuendelea kucheka.

Anti akasema uliweka mwaka juzi, ukame ulipoisha mwezi wa nne, mbele ya Katekista Paulo. Akasema ulimwambia hivi: "Ewoi ataandika mwenyewe, siku itakapokuwa kweli."

Mwaka juzi! Kwa hivyo Agosti mbili uliniangalia machoni ukasema bado, na kidole chako kiko ndani ya majani chai kinanukia vizuri. Ningekufa mimi kwanza je? Ungeniambia tu. Neno moja tu. Mtu aliyeniita Redio kumbe yeye ndiye alikuwa amejizima.

Nikasema sawa, Agosti hii natuma. Wewe ndiye uliacha ruhusa. Nilianza kutangaza. Nilimwambia fundi wa baiskeli, nikamwambia yule msichana wa Kimeru anayeuza miraa pale kona, nikamwambia hata padri, na padri hakuwa ameniuliza. Nilisema Januari mtanisikia nikiwa Nairobi, nimefunga tai. Katekista Paulo aliniambia niende kwake alasiri siku ya soko ya mwisho kabla ya fomu kufungwa, tuiandike ile barua kwa Kiingereza kizuri, niikimbize posta kabla hawajafunga.

Asubuhi ya siku hiyo nikapeleka mbuzi wetu wanane sokoni. Peke yangu, Mjomba. Mara ya kwanza bila wewe kusimama nyuma yangu unakohoa nikizidisha maneno.

Mnunuzi alikuwa Haji Hassan, yule mliyebishana naye miaka kumi mkapendana. Alinipa salaam aleikum, akakuombea, akatandaza shuka yake juu ya mikono yetu, vidole vipatane bei bila madalali kuona. Nikakumbuka kila kitu ulichonifundisha. Vidole vyake vikataja bei, vyangu vikakataa. Vikataja tena, vyangu vikapandisha. Juu ya shuka tulikuwa tunaongea habari ya ndama wake aliyeumwa na fisi kule Sericho. Uso wangu ulikuwa kama ukuta wa kanisa. Ungeniona! Madalali walikuwa wameacha biashara zao wananitazama, na mimi najua wananitazama. Hapo ndipo nilipoharibika.

Haji akauliza tu, taratibu, kama mtu anauliza habari ya nyumbani: "Warya, kijana, leo umevaa shati safi. Unaenda wapi?"

Mjomba, nilimwambia. Nilimwambia yote. Chuo, Nairobi, Katekista, posta inafungwa, siwezi kurudisha mbuzi nyumbani leo kwa sababu nina haraka. Nilisema mpaka habari ya tai. Na nikiwa bado naongea nilisikia vidole vyake chini ya shuka vinateremka. Vikateremka tena. Sikuwa na pa kwenda, nilikuwa nimemwonyesha mlango wenyewe. Nikakubali. Mkono ukishakubali pale chini haurudi, wewe ndiye ulinifundisha.

Akakunja shuka yake. Hakucheka, na ningependa angecheka. Akasema, "Mkono wako ni wa marehemu. Mdomo, bado."

Neno lako lile lile! Mlikuwa mmepatana?

Nikaenda kwa Katekista hivyo hivyo, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Kalamu ilikuwa tayari. Akanisomea sentensi aliyoitunga: kijana huyu amenunua na kuuza mwenyewe bila kusimamiwa. Nikamweleza ya sokoni. Akasema, "Lakini umeuza, Ewoi. Peke yako. Si uongo." Na kweli si uongo. Akaongeza kwamba amesikia mwakani chuo kitataka kidato cha nne peke yake, kwa hivyo nifikirie vizuri. Nikafikiria, Mjomba. Nilifikiria mpaka chai ikapoa. Niliitandaza ile karatasi mezani, kidole chako kikaniangalia kutoka juu. Kama kingekuwa chini ningeandika haraka nikakifunika kwa mkono. Lakini umekaa juu, unasoma kila neno likiingia, wewe ambaye hujui kusoma.

Nikaikunja mara nne.

Posta ilifungwa mimi nikiwa nimekaa nje kwenye ngazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Anti bei niliyouza. Hakunigombeza. Alinipakulia chakula akaniambia tuoshe mikono, mimi na Redio, kama vile tuko wawili. Nadhani hiyo ilikuwa kunigombeza.

Sasa Septemba imeanza na nimebaki hapa. Msichana wa miraa ananiuliza tai yangu iko wapi. Nikifikiria Katekista amesikia kweli, kwamba mwakani mlango umefungwa, natamani kupiga teke kile kiti chako. Natamani kidogo tu, kiti nimekiacha. Na kama wamefunga, nitakulaumu wewe, halafu nijilaumu mimi, kwa mpangilio huo.

Lakini nakuahidi. Kila siku ya soko nasimama na Haji Hassan mpaka aulize habari ya shati langu, mke wangu, jeneza langu, na nisimjibu ila habari ya fisi. Ile karatasi imerudi kwenye mkebe. Hakuna neno litaandikwa chini ya kidole chako la kukufanya ukohoe.

Lala, Mjomba. Agosti hii hukuwepo wa kuniambia, nikajiambia mwenyewe: bado.

Mimi,
Redio wako. Nimejizima kidogo.