Chumba Chetu Kimo Kwenye Nyekundu

Jumatatu, 10 Juni
…na bado siamini kwamba ni wangu. Mume wangu! Naliandika neno hili huku najichekea. Leo ametandaza ramani kitandani, meza hatuna. Kazi yake ni kutembea kutoka katikati ya mji hadi mashambani, akipaka rangi: nyekundu maduka na ofisi, zambarau viwanda, njano nyumba za watu, kijani mashamba. Nikamuuliza, sisi tuko wapi? Kidole kikatua kwenye nyekundu. Eti kwenye ramani hapa haishi mtu. Tulicheka mpaka basi.

Jumatano, 12 Juni
Yuko viwandani tangu alfajiri. Maduka ya chini yakifungwa, mtaa wote unahama. Mchana huna pa kupita, jioni huna wa kumwomba chumvi. Nimemwamkia mlinzi wa benki mara mbili, nisikie tu sauti ya mtu. Akaniambia, bibi harusi, umeshanisalimia.

Jumamosi, 15 Juni
Amefika pembezoni, analala hukohuko. Kwenye simu anasema nyumba zimeachana mbalimbali, kuku wanatembea barabarani. Sauti yake! Nimebusu simu kama mwendawazimu. Kisha kimya. Chumba kikubwa ghafla.

Jumanne, 18 Juni
Amerudi, ananuka jua. Nimemng'ang'ania mlangoni.
Halafu nikatafuta kwetu kwenye ramani, ng'ambo ya mto. Njano. Shamba la mama, njano! Anasema aliona majani matupu na vigingi, akajua ni viwanja vinavyosubiri kujengwa. Jamani! Mama ameupumzisha udongo mwaka huu. Vigingi ni vya mbuzi. Harusi tulifanyia mjini, kwetu hajafika. Kapita mlangoni kwa mkwewe bila hodi!
Nikamsihi abadilishe. Ikibaki njano, watapimiwa viwanja watu wa kujenga, na mama hana shamba jingine. Akaikunja ramani.
"Mkubwa wangu wa kazi atasema nimepaka kijani kwa ajili ya mke wangu. Lazima nionekane nimerudi, nimeona pamelimwa."
Ramani inakabidhiwa mwisho wa mwezi. Tumelala tumepeana migongo. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 21 Juni
Ameondoka tena. Mama kapiga simu, anauliza kama majirani ni wema. Nikasema wema sana. Shamba nimeshindwa kulitaja. Nimemwomba tu alime kipande, hata cha kunde.
"Udongo umechoka, mwanangu. Una haraka gani? Na huyo mkwe wangu asiyefika kwetu, miguu yake mizima kweli?"
Nikamwambia ni mizima, mama, shika jembe tu. Tunakuja wote wawili, kabla mwezi haujaisha.