Ulinzi Uliosema Umeurudisha

Wafula,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Hali yako naijua. Nilikuwepo Bungoma wakikuzika, viatu vyangu vikajaa udongo wa shamba la baba yako, na sikuvipangusa mpaka nilipofika Kitale. Hali yangu ndiyo usiyoijua, na nataka uijue.

Wezi wa mtandaoni waliifunga seva. Ile uliyoniwekea wewe, chumba cha nyuma, kando ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mercy, karani wangu, alipata barua pepe iliyofanana kabisa na zile za kampuni inayotuletea mashudu. Akabonyeza, palepale kwenye seva. Ukurasa ukafunguka, ukamwambia ashushe bili, akashusha. Hakuna kilichomuuliza, hakuna kilichomkatalia. Asubuhi iliyofuata kila faili lilikuwa na jina la ajabu, na kwenye kioo kulikuwa na maneno ya Kiingereza ya kututaka tulipe ndipo tufunguliwe.

Maduka yote matatu yanaegemea mashine hiyo moja, unajua wewe. Kiminini wakawa hawajui Kitale kuna nini, Bungoma wakauza mali ambayo haipo. Tukarudi kwenye vitabu vya mazoezi na kalamu, kama enzi zile nauza mayai sokoni nawe unatengeneza simu kwenye kibanda mbele yangu.

Na unajua nilifanya nini siku hiyo? Nilikulilia. Palepale kaunta, mbele ya wateja waliotoka Endebess kununua chakula cha kuku. Nikasema, "Wafula angekuwepo haya hayangetokea." Mama mmoja akanishika bega, akaniambia, "Pole, mafundi wazuri ndio huenda mapema." Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mafaili, kwamba nilikulilia kwa jambo hilihili.

Nanjala, mke wako, alinitumia fundi. Hakutaka kazi zako zife nawe, kwa hiyo ameajiri msichana mmoja wa Moi's Bridge anaitwa Chepkemoi, mpole, asiyesema sana. Kabla ya kuisafisha mashine aliikagua kwanza, kisha akaja kaunta. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama, sijui kama ni mimi wa kukuonyesha hiki kitu."

Akanionyesha. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya seva, mstari wa ulinzi wa kivinjari, kile kinachofungua kurasa za mtandao: umezimwa. Ukibonyeza hapo, vinatokea vitufe viwili, kimoja cha wasimamizi wa mashine na kimoja cha watumiaji wa kawaida kama Mercy. Vyote viwili vimezimwa. Nikamwambia labda ni hao wezi. Akatikisa kichwa. Mashine huweka alama ya lini kitu kilibadilishwa mara ya mwisho, akanifungulia alama yenyewe nikaisoma kwa macho yangu. Ni ile wiki uliyoiweka seva. Tangu hapo hakuna mkono uliogusa.

Wafula. Hakuna mkono uliogusa.

Naikumbuka siku hiyo vizuri. Ulitaka kushusha ile programu ya kuhesabu stoo, na kila ukurasa ukiufungua seva inaleta onyo, haiuamini, ati uuongeze kwanza kwenye tovuti zinazoaminika. Unaongeza mmoja, inadai mwingine. Ukacheka, ukasema, "Hii ni kama askari wa geti anayemwomba mwenye nyumba kitambulisho." Nikakuuliza kwa nini iko hivyo. Ukanieleza, na ulieleza vizuri, hilo sikunyimi, hukuwahi kunieleza kitu nisikielewe. Ulisema seva si ya kuzurura nayo mtandaoni. Ulisema, "Hii ndiyo moyo wa maduka yako, Mama Njoroge, ndiyo maana waliotengeneza wameibana hivi." Kisha ukasema, "Nazima kidogo tu, nishushe hiki kitu, halafu narudisha."

Nilikuuliza baada ya chai kama umerudisha. Ukasema, "Nimerudisha. Kwani mimi ni mtoto?"

Mwaka ulipogeuka nilisikia duka moja la Eldoret limefungiwa kompyuta, nikakupigia. Wafula, ule ulinzi uko? Ukacheka tena. "Uko, bana! Wewe hata ukifunga mlango lazima urudi kuutikisa." Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli, mimi hurudi kuutikisa. Huu mmoja sikuutikisa kwa kuwa ulisema wewe.

Kuzima si kosa. Nataka tuelewane hapo, usije ukafikiri nakulaumu kwa ujinga wangu wa mashine. Chepkemoi naye alizima, mbele yangu, alipokuwa anaiweka upya. Alizima upande wa wasimamizi peke yake, upande wa Mercy akauacha umewashwa. Akashusha alichotaka. Akarudisha. Akaniita, "Mama, ona, nimewasha." Chai aliyomiminiwa ilikuwa bado ya moto. Na tovuti tunazozihitaji, ya mashudu, ya benki, ya kodi, alimtafutia Mercy kompyuta ndogo akasema hizo zifunguliwe hapo, seva iachwe ifanye kazi yake. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote uliyoshindwa.

Nilitaka sana iwe ni ugonjwa. Niliketi nikajipigia hesabu, nikajiambia labda kifua kilikuwa kimeshakushika, labda ulikuwa unatoka hospitali unakuja kwangu umechoka na hutaki kusema. Hesabu imekataa. Seva uliiweka watu wakipanda mahindi. Kikohozi kilianza mwaka uliofuata, tumeshavuna, tena ulinikoholea wewe mwenyewe hapa stoo nikakufukuza uende ukapimwe. Siku uliponiambia umerudisha ulikuwa mzima kama mimi.

Kwa hiyo ilikuwa nini? Nanjala alinijibu bila kujua anajibu. Alisema ulikuwa ukilalamika kwamba wateja ukiwabania mtandao wanakusumbua na simu, kila ukurasa ukikataa wanataka utoke Bungoma uje. Ndiyo hiyo tu. Uliniacha wazi ili simu yako isilie.

Sasa nikuambie kilichonipeleka kwa Nanjala, maana sikwenda kulia.

Siku ya tatu baada ya kukuzika walitukalisha, kama kwenu mnavyofanya, wenye neno na marehemu waseme kabla watu hawajatawanyika. Ami yako mkubwa akasimama na fimbo yake. "Kama kuna mutu anadai huyu kijana, aseme saa hii. Asikuje kesho kusumbua hawa watoto." Wakatoka wawili watatu na mambo yao madogo. Mimi nikasimama bila kuitwa. Mkikuyu wa Kitale katikati ya wazee wa Bungoma, nikasema Wafula hana deni kwangu, hata neno lake moja halijawahi kuanguka chini. Wazee wakapiga makofi. Nanjala akalia kwa kelele. Nilijivunia maneno yale njia nzima ya kurudi.

Umenifanya shahidi wa uongo mbele ya kaburi lako, Wafula. Ulikuwa hapohapo, hatua chache, chini ya udongo, na ulijua.

Na mimi ndiye niliyekupelekea wale wateja saba wa Bungoma. Mzee wa hadiwea, yule muuza misumari na mabati, zahanati ya wale masista, mwenye kinu, wote wale. Sikusomea biashara, niliacha shule kidato cha pili, kitu pekee nilichonacho mjini ni kwamba nikisema kitu kiko, kiko. Nilisema, "Mchukueni Wafula, hadanganyi." Nikajiuliza, kama kwangu alizima akaacha, kwao alifanyaje? Zahanati ina majina ya wagonjwa, bana. Hilo si gunia la mashudu.

Nikamwambia Nanjala nataka twende na Chepkemoi kwa kila mmoja, tufungue, tuwaambie ukweli. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Mama Njoroge, si ni wewe ulisimama mbele ya wazee ukasema hana deni?"

Nikamwambia nilisema hana deni langu. Wale saba sikuwasemea.

"Na wakitoka? Hawa watoto nitawapikia nini, jina la baba yao?"

Nikamwambia wakifungiwa kama mimi watatoka vilevile, tena watatoka wakilaani. Akasema Chepkemoi anaweza kwenda kimyakimya, awashe, aondoke, nani atajua? Na mimi, Wafula, nikavutwa. Nakuambia ukweli kwa sababu mmoja wetu lazima auseme. Ingekuwa rahisi. Jina lako lingebaki safi, langu lingebaki safi, watoto wangekula. Lakini hakuna anayejua ni nani alishaingia humo ndani na anangoja nini. Ukimfungia mtu mlango na mwizi yuko chini ya kitanda, umemsaidia nani? Lazima wakague kila kitu, na hawatakagua kama hawajui.

Nilimwambia hivyo. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Akatoka amebadilisha leso, amebeba mkoba, akasema, "Basi twende wote. Wakimtukana wamtukane nikiwepo."

Saba wote, Wafula. Hukumrudishia hata mmoja.

Mzee wa hadiwea alisema, "Huyu kijana si alikula Krismasi kwangu!" Mwenye kinu alinigeukia mimi. "Na wewe si ndiye ulisema tumwamini kama Biblia?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaniuliza sasa amwamini nani. Nikamwambia asimwamini mtu, awe anafungua mwenyewe anaangalia, nikamfundisha pale pa kubonyeza. Sista wa zahanati hakusema neno baya. Alisema tu, "Asante kwa kuja," akafunga mlango wa ofisi, na mimi ningependa zaidi angenitukana.

Nanjala alisimama kila mahali, mkoba kifuani. Pale zahanati ndipo alipofungua mdomo mara ya kwanza. Alisema, "Alikuwa mume wangu na haya aliyafanya. Fundi wangu atakuja kila mwezi, atawaonyesha kabla ya kuondoka."

Mwenye kinu ameondoka, na zahanati imetafuta mtu mwingine. Watano wamebaki. Mimi nimebaki na maduka yangu matatu, na mafaili ya miezi miwili, ambayo hayakuwa na nakala, hayatarudi, sitakuficha.

Ninachokuahidi ni hiki. Nanjala sitamwacha. Kazi yangu yote ya kompyuta ni yake, na nikipata wateja wa Kiminini nitampelekea, ila safari hii nitawaambia wakague wenyewe. Watoto wako wakiniuliza habari zako nitawaambia ulinitoa kwenye mayai ukanifundisha kuhesabu kwa mashine, wala hukunicheka nilipoandika kwa kidole kimoja. Nitawaambia pia kwamba ulinidanganya. Sitaanza na moja nikaliacha jingine.

Msamaha sina bado. Nimeutafuta, haupo. Siku nikiupata nitapanda gari nije mpaka hapo shambani nikuambie kwa mdomo, maana jambo kama hilo haliandikwi. Usiningoje karibuni.

Kwaheri, Wafula.

Mama Njoroge,
Kitale