Ishirini na Mbili Zilikuwa Kilomita, Mama

Mama yangu,

Muga. Nakuamkia kutoka katikati ya maji, na sijui kama huko ni asubuhi au jioni wakati Makena anakusomea haya. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua, imewafikia hapo Kianjai au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imekataa kutulia, na nitakwambia sababu bila kuzungukazunguka, maana huku simu haishiki na mtandao wa meli tunapewa kwa kuonjeshwa.

Makena dada yangu, soma yote, hata pale nitakapokuwa mkali. Usiruke.

Ujumbe wenu ulinikuta jikoni nikimenya viazi vya watu wote wa meli. Mmesema weusi umetoka kwenye kidole cha Baba na sasa unapanda mguuni. Daktari anataka kuukata mguu upesi kabla hiyo sukari haijammaliza, na Baba amekubali kupasuliwa, lakini si kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mimi Kinoti nitakuwa nimeshuka Mombasa. Niliishika simu nikaiangalia kama mjinga. Alhamisi gani jamani? Mpishi mkuu, mzee mmoja Mfilipino, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu, bado.

Mama, Alhamisi nitakuwa baharini. Tutafika Jumatatu ya wiki ijayo, na hiyo ni kama bahari itatuhurumia. Halafu kuna karatasi za bandarini, kuna basi la Nairobi, kuna lingine la Meru. Mguu wa Baba hauwezi kungoja yote hayo.

Nimekaa nikatafuta hiyo Alhamisi ilitoka wapi, na nimeipata. Unakumbuka Jumamosi nilipokupigia tukiondoka Colombo, ukaniuliza meli yetu inakimbia namna gani? Nikasema ishirini na mbili. Sasa sikia. Huku baharini mwendo hatuupimi kwa kilomita, tunaupima kwa mafundo. Fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni ndefu, inakaribia kilomita mbili. Meli yetu inaenda mafundo kumi na mbili. Nilijua nikikutajia mafundo utaniuliza kama tumefunga mbuzi, kwa hivyo nikayageuza kichwani kabisa nikakupa kilomita, ishirini na mbili kwa saa. Ni mwendo wa baiskeli ikiteremka kutoka sokoni.

Wewe ukampa Mwenda hiyo ishirini na mbili. Na Mwenda ni mwalimu, anajua vizuri kwamba mabaharia husema mafundo. Huko kwake Kanja akachukua kalamu, akageuza kilomita zangu mara ya pili kana kwamba ni mafundo, zikawa arobaini na kitu. Bahari ile ile, meli ile ile, lakini kwenye hesabu yake tunakimbia karibu mara mbili. Nimeirudia hesabu hiyo mwenyewe na inaangukia Alhamisi asubuhi, sawasawa. Tafadhali msimgombeze ndugu yangu. Alizidisha vizuri, na mimi niligeuza vizuri. Kila mmoja alitaka kumsaidia mwenzake, na sasa Baba analala na mguu unaooza akihesabu siku ambazo hazipo.

Nilienda kwa kapteni. Nilimweleza habari za Baba nikamwomba tuongeze mwendo, na nilisimama mbele yake na aproni yangu chafu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Alinipa pole, ya kweli kabisa. Akasema mwendo unapangwa na wenye meli, na injini ni kuukuu. Nilishuka nikaendelea na viazi. Nina hasira, Mama, na sijui niitupie nani.

Najua kwa nini Baba anang'ang'ana. Wakati babu anakufa, Baba alikuwa Kericho akichuma chai, akarudi akakuta kaburi limeshaota nyasi. Hakuna aliyemtemea mate kifuani na kumbariki kama mtoto wa kwanza, na tangu hapo kila kitu kikimwendea kombo, ng'ombe akifa, miraa ikikauka, anasema ni hayo mate aliyoyakosa. Hataki mimi nibebe mzigo huo. Makena ameniandikia alivyojibu Baba, daktari alipomwomba anibariki tu kwa simu: "Mate hayapiti kwa simu, na kisu hakinigusi kabla sijamwona Kinoti." Nilicheka, halafu nikaingia stoo ya unga nikalia.

Kwa hivyo leo sina njia nyingine, namwomba Baba avunje neno lake, na ninajua halijawahi kuvunjwa na mtu hapo nyumbani.

Kabla sijamgeukia, nisalimie shangazi wa Majengo, umwambie ile shuka aliyoniagiza ninayo. Nisalimie Mwenda na mkewe, na umwambie Mwenda aombe ruhusa kazini, awe hapo Alhamisi. Mchungaji naye nisalimie, lakini asije na maombi marefu asubuhi hiyo, watachelewa hospitali. Wewe Mama, jifunge ile leso nzito, huko wodini kuna baridi. Na ule. Najua huli.

Makena, sasa sogea karibu na kitanda. Msomee Baba kwa Kimeru, polepole, hata kama atageukia ukuta.

Baba, ni mimi Kinoti. Sikuwahi kukukatalia kitu, leo nakukatalia. Siji Alhamisi. Ukiniongoja, nitafika nimkute Mama peke yake, na hiyo baraka unayonitunzia itakuwa imeingia nawe kwenye udongo. Babu hakuweza kuchagua. Wewe unaweza. Mimi nakutaka wewe, Baba, na mguu mmoja, na maneno yako makali, ukinituma maji na kusema nimeyaleta yakiwa baridi. Hayo mengine tutayamaliza tukiwa wote wawili hai. Alhamisi gari likija, waache wakubebe. Usitazame barabarani. Na huko ndani, kabla hawajakulaza, wakikuuliza kama kuna mtu unayemngoja, sema hakuna.

Mtoto wako wa kwanza,
Kinoti