Migomba Yangu Juu ya Tuta la Lambo

Mpendwa Mshauri, baada ya salamu naomba unisaidie upesi. Mimi ni mtu wa Bukoba, mwaka wa nne sasa nafanya kazi ya shimoni kwenye mgodi wa dhahabu huku Geita, nimechoka, na posho ni unga na maharage mpaka tumbo limesahau kwao, basi nilileta machipukizi matano ya migomba, nikaona kiangazi pote pamekauka isipokuwa kwenye tuta la lambo ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao, nikayapanda papo hapo bila kuuliza, yakastawi, hata Mbuke, mke wa mwenyeji wangu Masele, anapika ndizi kwa maziwa na wote tunakula. Sasa tuta linavuja, na mimi nimeyaona maji yakipenya kando ya shina la mgomba lililooza, lakini Masele anasema ni fuko, kutwa anachimba kumtafuta, ananiambia, "Mhaya, nikimkamata utamla na ndizi zako," nami nimechimba naye mara mbili nikijua hayupo. Nikisema, naogopa kufukuzwa; nikinyamaza, ng'ombe watakosa maji kabla ya mvua.

Kalisti, Geita

Bwana Kalisti,

Pole kwa kazi, na pole kwa hamu ya chakula cha kwenu. Kutaka kula si kosa. Lakini kushika jembe na kumsaidia mtu kutoboa tuta linalovuja, kwa hilo sikuonei huruma hata kidogo.

Mwambie Masele leo kwamba fuko ni wewe. Mwambie mbele ya mkewe, maana naye amekula. Watakucheka mwezi mzima, vumilia. Kesho zibeni mashimo yenu kwa udongo wa mfinyanzi, mshindilie barabara. Migomba ikate usawa wa ardhi, usiing'oe sasa, kwa kuwa maji yangali juu na kila shina litaacha tundu. Yakipungua ndipo mchimbue mizizi, mshindilie tena, mpande nyasi, wala mti usioteshwe hapo.

Machipukizi mtakayoyachimbua wakati huo yahamishie bondeni, mbali na tuta, mahali Masele atakapokuonyesha. Jaza samadi shimoni, funika kwa majani makavu yashike unyevu, na usichote maji ya lambo kumwagilia. Mpaka yazae, kula michembe, vile viazi vya kukausha vya wenyeji wako; kwa karanga ni vitamu. Ng'ombe wa Masele wakinywa lamboni mpaka mvua inyeshe, hakuna atakayetaka uondoke.