Hesabu ya Jiko Moja

Mtaa wa Ziwani,
S.L.P. 72118,
Nairobi.
17 Aprili 1994

Mpendwa mdogo wangu Luseno,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua zako zote zimenifikia, na kila moja iliniuliza jambo lile lile: je, mafundi waanze kuchimba msingi wa nyumba yangu hapo nyumbani? Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Hata leo sinalo.

U hali gani? Goti lako limepoa? Nasikia mvua ya huko Butere imeanza vizuri. Natumaini mahindi yameshika. Sisi hapa tu wazima wa mwili, ila kifua changu hunisumbua asubuhi.

Unajua nilivyoishi tangu mwaka wa 1983. Nilikusudia kuacha kazi nitakapofika umri wa miaka hamsini, nirudi nyumbani nikiwa bado na nguvu za kushika jembe. Kila mwisho wa mwezi nilitenga akiba kwanza, kisha kodi na karo. Kilichobaki ndicho tulichokula. Nilikwenda kazini kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Chai yetu ilitiwa sukari siku ya Jumapili pekee. Majirani walinicheka, nami niliwaacha wacheke.

Sasa serikali imetuletea sisi makarani waraka wa kustaafu mapema kwa hiari, pamoja na kiinua mgongo. Tunatakiwa kujibu kabla ya mwezi huu kwisha. Hiari gani hiyo yenye tarehe ya mwisho? Ofisini wananong'ona kwamba asiyestaafu sasa atastaafishwa baadaye, bila hata hicho kidogo. Hata hivyo nilifurahi. Ingawa bei za miaka hii miwili zimeitafuna akiba yangu, nilipoijumlisha na fedha hizo niliona kwamba nyumba itasimama na ng'ombe mmoja atapatikana.

Jumapili iliyopita niliwasomea waraka huo nyumbani. Shemeji yako Triza na mwenzake Wacera walikuwa wakikunja mapazia ya mitumba, ambayo huyauza pamoja katika soko la Gikomba. Triza hakuinua hata kichwa.

"Hongera, Baba Millicent. Wewe staafu. Mimi nani amenistaafisha?"

Nilimwambia kwamba nyumba ile ni yetu sote wawili.

"Nikafanye nini huko? Ulininyima sukari, nikaenda kutafuta ya kwangu. Sasa nimeijua njia ya soko, unataka niisahau?"

Wacera akadakia, "Tangulia tu, mzee! Sisi tutakuja Krismasi na gunia zima la sukari." Wakacheka hadi mapazia yakawaanguka. Millicent naye, binti niliyemlipia karo hadi kidato cha nne, akasema, "Buda, mathe hatoki hapa." Lugha hiyo ya mitaani, ya kuniita mimi buda na mama yake mathe, hakuipata kwangu.

Nilimweleza Triza kwamba hesabu yangu yote ilikuwa ya jiko moja, wala haitoshi kulipia nyumba ya Ziwani pia. Akanijibu kwamba kodi atailipa mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Luseno, sikunywa pombe, sikukopa, sikuweka mwanamke wa pili. Kila nilichowanyima nilikuwa nawawekea wao. Leo naambiwa kwamba niliowawekea hawakitaki. Nikitia sahihi, nitakuja huko peke yangu. Nisipotia, nitaendelea kuishi katika nyumba isiyonihitaji tena, nikingoja kufukuzwa kazini.

Nisalimie shemeji Nabiswa na shangazi Beldina. Triza hakunituma salamu, lakini zipokeeni hata hivyo. Mungu awalinde na awajalie mavuno mema.

Matofali yangu yaliyo hapo kwako usiyauze, na msingi usiuchimbe. Nikishaamua kutia sahihi au kukataa, nitakuandikia siku hiyo hiyo, nikueleze kama mafundi wapime nyumba ya vyumba vinne au chumba cha mzee mmoja.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda daima,
Zakayo Kweyu