Divai Niliyoitema

Jumapili, Kitengela

Nimetema divai ya Meza ya Bwana nyuma ya choo cha kanisa. Mimi, mzee wa kanisa.

Kikombe chenyewe ni kama kifuniko cha soda. Lakini tangu nipasuliwe koo, vitu vya majimaji ndivyo vinavyonipalia, na nilishakohoa mbele ya watu mara moja. Ilitosha. Daktari wa Kajiado anasema kidonda kimepona. Kila mtu anasema nimepona! Hakuna anayeuliza kwa nini siku hizi sitaki kula na watu.

Mke wangu, Mama Naserian, alinifuata, akaniona. Nilingoja anikemee.

"Baba Naserian," akasema, "kwani hata chai yangu huwa unamwaga?"

Nikamwambia ndiyo, kwenye sukuma wiki pale nyuma ya nyumba, kila asubuhi. Nikamwambia naogopa kila kikombe, na hofu hiyo inaninyima usingizi.

Jioni alipika uji mzito, akaketi na mimi, kila mtu na bakuli lake. Kijiko cha tatu kilinipalia, nikakohoa mpaka machozi. Hakuinuka wala hakunipiga mgongo. Alingoja tu, ameshika kijiko chake.

"Tuendelee," akasema.